Nyota Ndani ya Karai la Maziwa

Mzee Rangi alimimina maziwa kwa mgongo wa kijiko, taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Yaliingia ndani ya karai jeusi lililojaa maji, yakazama kidogo, kisha yakaanza kutawanyika. Akachovya kijiti, akakizungusha mara moja tu, akakitoa. Maziwa yakajikunja mikono miwili, yakawa yanazunguka polepole chini ya taa.

"Haya," alisema, akifuta kijiti kwenye suruali. "Galaksi hiyo. Ukitaka nyingine nakupikia."

Kupe aliinama juu ya karai. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpelelezi wa kujitegemea aliyestaafu polisi, na jina lile lilimfuata kutoka huko huko, maana akishamng'ang'ania mtu haachii mpaka ashibe. Alitazama maziwa yakizunguka. Yalifanana. Hilo ndilo lililomuudhi.

"Na zote zilizo kwenye utangulizi wa kipindi cha Abiria wa Kimondo ulizitengeneza hivi?"

"Zote. Kwa mkono huu."

Walikuwa ndani ya karakana ya mapambo ya kituo cha televisheni. Palinuka gundi na mbao zilizokatwa asubuhi ile. Sayari ya karatasi ilining'inia darini, milango ya chombo cha anga iliegemezwa ukutani, na katikati kabisa kilisimama kiti cha nahodha, ngozi yake imeshonwa upya. Kipindi hicho cha zamani, ambacho Kupe alikitazama akiwa msichana, kilikuwa kinarudishwa hewani Ijumaa. Siku hiyo hiyo Mzee Rangi angepewa tuzo mbele ya kamera, kama fundi aliyeumba mbingu kwa maziwa.

Kupe aliweka simu yake mezani. Kwenye kioo chake palikuwa na picha iliyokatwa kutoka kwenye tangazo la kipindi.

"Galaksi hii ya tatu, mzee. Pembeni ya mkono wake kuna nukta nyeupe. Nini hii?"

"Unga."

"Unga?"

"Unga wa ngano. Niliurusha juu ya maji uwe nyota. Punje moja ikaangukia pale, nikaona imependeza, nikaiacha." Alicheka. "Andika, binti. Punje ya unga."

"Sina haja ya kuandika. Nina kichwa kibaya, hakisahau. Na hili doa kwenye kona ya chini, kushoto?"

Mzee Rangi alisogeza miwani. "Kidole changu hicho. Nilikuwa kijana, nina haraka."

"Kidole chenye mfereji katikati?"

"Basi cha mtu mwingine. Karakana ina watu wengi." Akalisukuma karai pembeni, maziwa yakavurugika, galaksi ikawa maji machafu tu. "Mwambie yule bibi aliyekutuma apumzike. Mumewe tulimsikia. Alikuwa mwizi wa vioo, si mchoraji wa mbingu."

*

Yule bibi hakuwa mtu wa kuambiwa apumzike. Mtaani walimwita Bibi Ubishi, naye aliitika bila kinyongo. Mumewe alikuwa mpiga picha wa kituo cha darubini kilichopo kilimani, enzi ambazo anga ilipigwa picha kwenye vioo vilivyopakwa dawa. Siku moja sanduku zima la vioo likatoweka. Mkuu wa kituo, waliyemwita Bwana Mkubwa, akasema mwizi ni mpiga picha, kwa kuwa ufunguo wa chumba cha giza alikuwa nao yeye. Alifukuzwa kazi, akaishi na jina la mwizi, akafa nalo. Kisha mwezi huu tangazo la kipindi likatoka, mjane akaruka kutoka kitini: nyota zile, alisema, ni za mume wangu. Majirani wakacheka. Yeye akamtafuta Kupe.

"Maziwa yanafanya kweli, mama," Kupe alimwambia sebuleni. "Nimeona kwa macho yangu. Yanajikunja vilevile."

"Hata mimi naweza kutengeneza mwezi kwa sinia. Ndiyo mwezi uwe wangu?"

"Hakimu atauliza ushahidi."

"Na mimi nitamuuliza hakimu kama aliwahi kulala na mpiga picha." Bibi Ubishi alimimina chai, akasogeza kikombe kwa nguvu mpaka kikamwagika sahanini. "Kitendawili."

Kupe alihema. "Tega."

"Ana nyuso mbili, gizani humjui mpaka umbusu."

"Mume wa mtu."

"Mjinga wewe!" Bibi alicheka mpaka akashika kiuno. "Kioo cha picha. Upande mmoja umepakwa dawa, upande mwingine mtupu. Ukikosea upande umeharibu kazi ya usiku mzima. Na chumbani mle huwashi hata kiberiti. Sasa utaujuaje? Unaugusa na mdomo uliolowa, hapa kwenye kona. Upande wa dawa unanata. Upande mtupu hausemi kitu. Wapiga picha wote wa darubini walifanya hivyo. Mimi nilikuwa namwambia, wewe unabusu vioo kuliko unavyonibusu mimi."

Kupe alikiacha kikombe. "Mdomo uliolowa huacha alama?"

"Huacha. Na wake usingeukosea. Ulipasuka alipoanguka utotoni, ukaunga vibaya. Mdomo wa chini ulikuwa na mfereji katikati."

Kupe alitoa simu. Akaikuza ile kona. Doa lilikuwa na umbo la mdomo, na katikati yake mfereji.

Bibi Ubishi alilitazama kwa muda. Hakulia. Alilifuta kwa kidole, kama mtu anayemfuta mtoto makombo, kisha uso wake ukakunjamana.

"Hapana," alisema. "Hii ni kushoto."

"Kushoto, ndiyo."

"Yeye alibusu kona ya chini, kulia. Dawa ikimtazama yeye, kona ya kulia. Kila mara. Alikuwa mtu wa mazoea, hata kikombe alikinywea upande mmoja mpaka rangi ikatoka."

"Labda siku hiyo..."

"Hakuna cha siku hiyo. Kulia."

Kupe alilaza simu kifudifudi. Mdomo ni wake, mahali si pake. Ukienda na ushahidi wa namna hiyo mbele ya watu, wanakurudisha nao kichwani.

"Basi mama, inabidi tukubali kwamba..."

"Mimi sikubali. Na wewe kabla ya kunipinga, uvae nguo kama watu. Tangu umeingia umevaa sweta ndani nje, nakustahi tu."

Kupe alijiangalia. Kweli, mishono ilikuwa nje. Kiraka alichokishona mwenyewe kwenye kiwiko cha kulia kilikuwa kinamchungulia kutoka kwenye mkono wa kushoto. Alikishika. Akakiachia. Akakishika tena.

"Mama," alisema, akisimama, "chai yako nitainywa kesho."

*

Kwenye kituo cha darubini, Daktari wa Nyota alikuwa amechoka na kazi aliyopewa. Alikuwa mwanafalaki kijana, mpole, mwenye kalamu mbili kwenye nywele na hasira na kompyuta yake. Kwa siku kadhaa alikuwa ameilisha picha za utangulizi ule ili izilinganishe na galaksi zote zinazojulikana.

"Hakuna kitu, Kupe. Nimezizungusha kama usukani wa lori. Juu chini, chini juu, ubavu. Hazifanani na galaksi yoyote. Naanza kumwamini mzee wako wa maziwa."

"Ulizigeuza?"

"Si nakuambia nimezizungusha?"

Kupe alivua sweta pale pale, akalitandika mezani juu ya makaratasi. "Hili ukilizungusha vyovyote, kiraka kinabaki mkono huu huu. Sasa angalia." Akalipindua ndani nje. "Kimehama. Nataka uzifanye hivi. Kama mtu aliyetazama kioo kwa upande wa nyuma."

Daktari alilitazama sweta, akamtazama Kupe, akaanza kuandika amri kwa haraka. Mashine ilikaa kimya kidogo. Kisha jina la kwanza likatokea, na la pili, na la tatu.

"Mungu wangu," Daktari alisema. "Moja iko kwenye kundinyota la Simba. Hizi mbili ziko kwenye Mashuke. Ni galaksi za kweli! Ziko pale juu sasa hivi, jua linatuzuia tu kuziona."

"Na hii nukta?"

Daktari aliweka picha mbili bega kwa bega: ile ya utangulizi, imeshageuzwa, na nyingine ya galaksi hiyo hiyo iliyopigwa miaka ya karibuni. Mikono ilifanana, vumbi jeusi lilifanana, nyota za mbele zilifanana zote. Nukta haikuwepo.

"Fundi anasema ni unga," Kupe alisema.

"Unga!" Daktari alivuta kiti. Akatafuta kwenye kumbukumbu za kimataifa, midomo ikimchezacheza. "Hii ni supanova. Nyota iliyolipuka. Iliwaka pale pale, mahali hapo hapo, kwa miezi michache, ikafifia isionekane tena. Watu wa mabara mengine waliiona pia." Akautaja mwaka.

Ulikuwa ni mwaka ule sanduku lilipotoweka.

Kupe alianza kuvaa sweta lake, safari hii upande wake. Daktari hakuonyesha furaha. Juu ya kichwa chake, ukutani, ilitundikwa picha kubwa ya Bwana Mkubwa, marehemu, ambaye ukumbi wa kituo uliitwa kwa jina lake.

"Kupe, umefikiria jambo moja? Kama vioo ni vya hapa, basi kweli viliondoka hapa, vikafika televisheni. Aliyekuwa na ufunguo ni mume wa yule bibi. Hatujamsafisha. Tumewapa watu sanduku waliloambiwa kaiba."

"Nimefikiria."

"Utamwambiaje?"

"Kama ulivyoniambia."

Kupe akamwambia bibi hivyo hivyo, mlangoni kwake, bila kupaka sukari. Kwamba wanaweza kuishia hapo. Kwamba wakisonga mbele, jambo linaweza kumgeukia marehemu. Bibi Ubishi alimsikiliza mpaka mwisho huku akivaa viatu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Miaka yote hiyo nimeitwa mke wa mwizi, nikaenda sokoni, nikaenda harusini, sikufunika uso. Leo nitishwe na karai? Nipe mkono, ngazi hii inanichukia."

*

Mzee Rangi alipowaona wanaingia karakana, aliacha brashi ndani ya kopo. Meneja wa kituo alikuwepo pia, kijana wa tai nyembamba, amekuja kukagua jukwaa la Ijumaa. Bibi Ubishi aliangaza macho kutafuta pa kukaa, akaona kiti cha nahodha, akakipanda.

"Mama, hicho ni cha kipindi," meneja alisema.

"Kina miguu na mgongo. Ni kiti."

Kupe aliweka picha mezani, moja moja. Kwanza zile za utangulizi. Chini yake zile za Daktari wa Nyota. Hakueleza. Alimwacha mzee azitazame mpaka jasho likaanza kumtoka puani.

"Zimefanana," Mzee Rangi alisema. "Maziwa hufanana na vitu vingi."

"Hufanana. Mimi nimekuja kwa ajili ya punje ya unga tu."

"Nilishakueleza."

"Ulinieleza iliangukia pale kwa bahati. Mwaka ule ule vioo vilipopotea, nyota ililipuka kwenye galaksi hii, pale pale penye unga wako. Dunia nzima ilikuwa na watu wachache mno waliojua. Sasa nifundishe, mzee. Maziwa yako yalijuaje?"

Sayari ya karatasi ilizunguka kidogo kwa upepo wa feni.

Mzee Rangi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha, kama mtu aliyekimbilia mlango wa nyuma, akainua kidevu.

"Haya. Ni vioo. Lakini kama mnataka ukweli, tuuchukue wote. Aliniletea yeye! Mume wa huyu mama. Kwa hiyo hawakukosea waliomfukuza."

Meneja alimtazama Bibi Ubishi kwa huruma. Bibi hakutikisika. Alishika mikono ya kile kiti kama anayesubiri chombo kiruke.

"Alikuletea mwenyewe?" Kupe aliuliza taratibu.

"Mwenyewe. Mlango huu."

"Akakuachia akaenda zake?"

"Aende wapi? Alikuwa na wivu na vioo vile kama kuku na vifaranga. Alisimama papo hapo. Hakuniruhusu hata kuvigusa."

"Nani aliviweka mbele ya taa, basi?"

"Yeye. Kimoja kimoja, kwa mkono wake. Mimi nilishika kamera tu."

"Vyote?"

"Vyote."

"Una hakika?"

"Binti, nilikuwa hapa, wewe ulikuwa unacheza mdako!"

Kupe alichukua picha moja, akaweka kidole kwenye lile doa la kona. "Huu ni mdomo wake. Alibusu kila kioo gizani ili ajue uso wa dawa uko wapi. Alibusu kona ya kulia. Kwenye kipindi chenu uko kushoto. Ndiyo maana wataalamu hawakuzitambua nyota hizi. Kila kioo mlikipiga picha kwa nyuma. Kila kimoja, mzee, hakuna kilichokaa sawa." Akaiweka picha chini. "Mtu aliyeujua uso wa kioo kwenye giza totoro, kwa mdomo tu, leo yuko chini ya taa zenu zote hizi, macho wazi, anavikosea vyote? Sema lingine. Hilo limekataa."

Mzee Rangi alitafuta mahali pa kuegemea, mkono wake ukaangukia ukingo wa karai.

"Nani alivileta?" Kupe aliuliza.

"Marehemu hasemwi vibaya."

"Mbona huyu mmemsema tangu azikwe?" Bibi Ubishi alidakia kutoka kitini.

Mzee alikaa juu ya ngazi ya kupakia rangi. Sauti yake ilipotoka ilikuwa imepungua nusu.

"Bwana Mkubwa. Alikipenda kipindi kupita kiasi. Alitaka watu waione anga yake kwenye runinga. Alilibeba sanduku kwa gari lake mwenyewe, mchana, funguo zote zilikuwa zake. Mpiga picha hakujua. Tulivipanga sisi wawili, wala hatukujua kwamba kioo kina uso na kisogo. Kisha taa..." Alinyoosha kidole juu, kana kwamba taa zile zilikuwa bado zinawaka. "Taa za siku zile zilikuwa moto wa kuokea mkate. Tukasikia tak, tak, tak. Dawa ikachuruzika kama ute wa yai. Vyote vikapasuka. Bwana Mkubwa akasimama hapo alipo meneja. Akaniambia, hivi havikuwahi kufika hapa. Ukiulizwa, sema ni maziwa."

"Na wewe ukasema," Kupe alisema.

"Nikasema. Watu wakapenda. Nikasema tena." Aliangalia maji meusi ndani ya karai. "Ukweli, mara ya kwanza kuyajaribu maziwa ilikuwa mwaka uliofuata. Niliogopa mtu asije akaniambia nionyeshe."

Meneja alikohoa. Akakaribia kile kiti, akainama kwa adabu, mikono nyuma.

"Mama, pole sana. Hili tunaweza kulimaliza vizuri. Ijumaa tutaongeza jina la marehemu kwenye majina ya mwanzo. Herufi kubwa. Picha za anga, fulani. Yaishe."

"Yaishe kwa nani?"

"Kwa... kwa wote, mama."

"Mume wangu hakufukuzwa kwa kukosa jina kwenye runinga. Alifukuzwa kwa wizi. Ukimwandika kwa herufi kubwa bila kusema nani alichukua sanduku, utakuwa umemtangaza mwizi nchi nzima, na muziki juu." Alimtazama mpaka kijana akarudi hatua nyuma. "Na hizo nyota mzigeuze. Kama mnarusha, rusheni mbingu ikiwa upande wake, mdomo wake uwe kulia. Kama hamwezi, zimeni."

"Na tuzo ya mzee? Wageni wameshaalikwa..."

"Wageni waje. Ndio nawataka."

Kisha akamgeukia Mzee Rangi, aliyekuwa bado amekaa kwenye ngazi, mabega yameshuka.

"Kitendawili," alisema.

Mzee hakuitika.

"Wewe ni mtu mzima, umelelewa. Kitendawili!"

"Tega," Mzee Rangi alisema kwa sauti ndogo.

"Aliyevunja chungu kapewa kigoda, aliyekifinyanga kafukuzwa jikoni."

Meneja alitazama chini. Kupe alianza kukusanya picha zake, moja moja, za kweli juu, za kinyume chini. Mzee Rangi alizungusha kijiti chake kwenye maji ambayo hayakuwa tena na umbo lolote. Kisha akafanya kama afanyavyo mtu aliyeshindwa.

"Nakupa mji, dada yangu," alisema. "Chukua mji."

Bibi Ubishi aliteremka kutoka kwenye kiti cha nahodha, mguu mmoja, kisha wa pili.

"Mji wako siutaki," alisema. "Nataka jibu. Na utalitoa Ijumaa, hewani, kwa mdomo wako."